Usiilime Kona ya Hatmi

Farangis alikuwa mwanamke msafi. Watu wa mtaa wake, katika mji wa Natanz, walisema ukidondosha wali uani kwa Farangis unaweza kuuokota ukaula. Kila asubuhi aliamka mapema, akafagia ua, akanyunyiza maji, akawasha samawari. Mumewe Heshmat alikuwa mwoka mikate. Aliporudi na mikate ya moto mkononi, chai ilikuwa imekwisha iva.

Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuhama. Waliokaa mezani walikuwa watatu tu: Farangis, Heshmat, na mama yake Heshmat, Bibi Mahrokh.

Bibi Mahrokh alitoka kijijini, juu mlimani. Alikuwa mjane. Miaka mitatu nyuma Heshmat alimfuata kule akamwambia, "Mama, huwezi kukaa huku peke yako. Theluji ikianguka njia inafungwa miezi miwili. Ukiugua, nani atajua?" Bibi akakubali. Alikuja na godoro lake, sufuria yake ya shaba, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na mbegu za hatmi.

Hatmi tunaijua sote. Inasimama wima kando ya ukuta, ndefu kumpita mtu mzima. Ua lake ukilitazama utadhani ni ua la bamia lililovaa nguo za sikukuu. Tunayaanika maua hayo kivulini, na baridi ikija tunayachemsha, tunakunywa kulainisha koo. Lakini hatmi za Bibi Mahrokh hazikuwa kama za wengine. Zilikuwa nyekundu iliyoiva sana, karibu na nyeusi. Mama yake alikuwa nazo. Bibi yake pia.

Basi alizipanda pale uani, kwenye kona ya bustani. Zikaota. Zikatoa majani mapana, mazuri. Maua hayakutoka.

Mwaka wa pili akapanda tena. Majani. Maua hakuna.

Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Na mbegu zikaisha. Fundo la kitambaa likabaki kitambaa tu.

Tangu hapo Bibi Mahrokh akapoa. Alikula kidogo. Alikaa dirishani akitazama ua. Kikohozi cha baridi kilipomshika, Farangis alimnunulia hatmi kavu dukani, kwa muuza dawa za miti. Bibi alionja akaweka kikombe chini.

"Hii ni vumbi," alisema.

Siku moja wakinywa chai, Bibi alisema neno lake.

"Nairuzi ikipita, Kurbani atakuja na pikapu yake kunichukua. Narudi kwangu."

Kurbani ni mtoto wa dada yake. Heshmat aliacha kutafuna.

"Mama, kwako wapi? Jirani wa mwisho kule alihama mwaka jana!"

"Udongo wa hapa haunitaki," alisema Bibi. "Nimeujaribu miaka mitatu. Mbegu za mama yangu zimeishia humo. Mimi nangoja nini?"

Farangis aliinuka. Alikusanya vikombe akaenda jikoni, na huko akalia. Alimpenda mama mkwe wake. Alijua pia kwamba mtu wa miaka sabini na tano, peke yake, juu kule, hatamaliza majira mawili ya baridi.

*

Zikabaki siku sita kufika Nairuzi, mwaka mpya wetu, baridi inapoisha. Unajua nyumba zetu zinavyokuwa siku hizo. Mazulia yote nje. Mapazia yote kwenye maji. Hakuna kikombe kinachobaki kabatini. Mwaka mpya haukuti uchafu wa mwaka wa zamani.

Farangis alimaliza vyumba, akatoka uani. Akachukua sepetu. Kila mwaka, siku kama hiyo, alilima bustani yote, akaipindua, akaisawazisha kwa reki mpaka ikalala kama shuka iliyopigwa pasi. Alianzia kwenye kona. Palikuwa na mashada saba ya majani yaliyolala chini. Theluji ilikuwa imeyachoma. Yalikuwa ya kahawia, yamejaa tope.

Alikanyaga sepetu. La kwanza likang'oka. La pili. La tatu.

"Wewe! Simama hapo hapo!"

Alikuwa Bi Ezzat, jirani wa ukuta mmoja. Alisimama mlangoni na sahani ya ngano iliyochipua, ile ya kuweka mezani siku ya Nairuzi. Bi Ezzat alifanya kazi miaka ishirini kwenye kitalu cha miche. Sasa alikuwa amestaafu, na kazi yake ilikuwa kuwategea vitendawili watu wenye haraka.

"Unafanya nini, mwanangu?" aliuliza.

"Nasafisha, Bi Ezzat. Majani yaliyokufa haya."

"Yaliyokufa?" Bi Ezzat aliweka sahani ukutani. Akaja, akainama huku akishika kiuno. Akafunua majani ya kahawia ya shada la nne. Katikati, chini kabisa, palikuwa na kijani. Vijani vidogo vilivyokunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Kitendawili!" alisema.

"Bi Ezzat, leo sina nafasi. Bado madirisha ya..."

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Farangis kwa shingo upande.

"Mwaka wa kwanza nakaa chini. Mwaka wa pili nasimama nimevaa."

Farangis alifikiri. "Mtoto."

"Mtoto gani anakaa chini mwaka mzima? Labda wa ukoo wenu."

"Basi sijui."

"Nipe mji."

"Chukua Kashani."

"Kashani mji mzuri, una maji ya waridi. Nimekwenda Kashani, nimeoga, nimenukia, nimerudi." Bi Ezzat akanyoosha kidole. "Jibu ni huyo uliyemkata shingo."

Farangis alitazama chini. Mzizi mweupe, mnene kama karoti, ulikuwa umekatika katikati.

"Hatmi haitoi maua mwaka inapopandwa," alisema Bi Ezzat, na sasa hakuwa akitania. "Mwaka wa kwanza inafanya kazi mbili: inatoa majani, na inashusha mzizi. Baridi ikija majani yanaanguka, lakini mzizi unalala, haufi. Mwaka wa pili ndipo inapanda juu na kuchanua. Sasa niambie. Mwaka jana uliilima kona hii?"

"Nililima."

"Na mwaka juzi?"

Farangis alikaa kwenye ukingo wa bustani. Sepetu ilimtoka mkononi.

"Bi Ezzat," alisema, "mimi ndiye niliyeziua. Kila mwaka. Kwa mkono wangu. Yule mama analia udongo haumtaki, kumbe ni mimi."

"Umeua kwa usafi. Hukuua kwa ubaya."

"Aliyeuawa atajuaje tofauti?"

Bi Ezzat alicheka kidogo, akamshika bega. "Hayo matatu yamekwenda. Mzizi wa hatmi ukikatwa hivyo hauungi. Lakini manne yapo hai. Usiyahamishe, hayapendi kuhamishwa. Usiyalime. Yaondolee majani yaliyooza tu, kwa mkono, taratibu. Halafu nenda kamwambie mama mkwe wako kabla hajafunga mizigo."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

*

Bibi Mahrokh alikuwa jikoni akichambua majani ya kitunguu na giligilani ya wali wa Nairuzi. Farangis alikaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa bado na udongo.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Hatmi zako hazikukataliwa na udongo. Zilikuwa zinalala. Mimi nilikuwa nazing'oa kila mwaka kabla hazijaamka." Akaeleza yote, moja baada ya jingine, bila kujitetea.

Bibi alisikiliza. Vidole vyake viliendelea kuchambua, kisha vikasimama.

"Kule kwetu zilijiotea nyuma ya zizi la kondoo," alisema polepole. "Hakuna aliyezipanda. Hakuna aliyefagia huko. Mimi nilizijua zikiwa na maua tu. Sikuwahi kujua zinakaaje zikiwa ndogo." Akatikisa kichwa. "Na mimi nilikuona, mwanangu. Kila mwaka nilikuona kutoka dirishani ukilima pale."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Mgeni atamwambiaje mwenye nyumba asilime bustani yake?"

Neno lile lilimwingia Farangis kama mwiba. Miaka mitatu wamekula sahani moja, na mwenzake bado ni mgeni.

"Mama," alisema, "yamebaki mashada manne. Nipe mpaka kiangazi. Yasipochanua, mimi mwenyewe nitakubebea godoro mpaka kwenye pikapu."

Bibi aliokota jani jingine la giligilani.

"Mpaka kiangazi," alisema. "Si zaidi. Nitamwambia Kurbani."

*

Nairuzi ikafika. Wadogo huenda kwa wakubwa kwanza, kwa hiyo siku ile ile ya mwaka mpya akaja Ashraf, binti yake Bibi Mahrokh, yaani wifi yake Farangis. Ashraf akiingia nyumba ya mtu, macho yake hutangulia kabla ya miguu.

"Heri ya mwaka mpya, wifi! Ufikie miaka mia!" Akambusu Farangis huku akitazama juu ya bega lake. "Eh! Mwaka huu ile kona mmeisahau?"

Bustani yote ilikuwa imelimwa na kusawazishwa. Kona moja tu ilikuwa na tope na majani yaliyolala.

Uso wa Farangis uliwaka moto. Maisha yake yote hakuna aliyemkuta na kona chafu. Angeweza kusema alikuwa mgonjwa. Angeweza kusema sepetu imevunjika.

"Sikuisahau," alisema. "Nimeiacha."

"Umeiacha? Siku ya Nairuzi?" Ashraf akacheka. "Haya, tutazeeka tuone mengi. Mama, unakaa na tope siku hizi?"

Bibi Mahrokh alikuwa akimimina chai.

"Ashraf, kaa," alisema. "Kuna watu wamelala pale. Wewe ukilala, mtu akikuamsha kwa sepetu utapenda?"

Ashraf hakuelewa, lakini alikaa. Farangis alimtazama mama mkwe wake. Bibi alimsogezea kikombe cha kwanza, kabla ya binti yake wa kumzaa.

*

Baada ya siku kumi na tatu za Nairuzi, majani yakaanza kupanuka. Bi Ezzat alikuja kuyakagua kama daktari.

"Nani amemwaga samadi hii yote?" aliuliza.

"Mimi," alisema Heshmat kwa fahari. "Samadi ya kondoo, mikokoteni miwili. Kila mwaka naleta. Nilidhani zikishiba zitafurahi."

"Zimefurahi. Zimenenepa. Hatmi ikilishwa sana inatoa majani, inasahau maua. Iondoe, bakiza kidogo tu. Na hili tawi la mpeasi ni la nani?"

"Langu," alisema Heshmat, na fahari ikapungua.

"Likate. Linazitia kivuli. Hatmi inataka jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Bila jua inarefuka, inapinda, haichanui."

"Bi Ezzat! Hilo ndilo tawi lenye matunda mengi kuliko yote!"

"Una matawi mangapi?"

"Mengi, lakini..."

"Una mama wangapi?"

Heshmat alikwenda kuleta msumeno. Alikata tawi huku akilisemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

Bi Ezzat akaendelea kuwafundisha. Farangis alikuwa na desturi ya kumwagilia bustani kwa mpira, jioni, kutoka juu, mpaka majani yote yang'ae. "Acha hiyo," aliambiwa. "Maji yakilala juu ya majani, kutu, ule ugonjwa wa majani, inakuja. Mwagilia asubuhi, chini, kwenye shina. Siyo kila siku. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta pakavu mpaka kiungo cha pili cha kidole, mwagilia, tena maji ya kutosha yashuke mpaka kwenye mzizi. Ukikuta unyevu, ondoka, nenda kapike."

Hata hivyo kutu ilikuja. Mwezi wa pili baada ya Nairuzi, Farangis aligeuza jani la chini akakuta vipele vya rangi ya machungwa. Alibisha ukutani.

"Bi Ezzat! Zimeugua!"

"Majani ya chini au ya juu?" sauti ikajibu ng'ambo.

"Ya chini."

"Yakate yote yenye vipele. Usiyaache chini, usiyachanganye na samadi. Yachome. Na yale ya chini yanayogusana yapunguze, upepo upite."

Farangis alikata. Shina moja lilibaki na miguu mitupu kama kuku aliyenyonyolewa. Bibi Mahrokh alitoka nje, akasimama kando yake.

"Litapona?"

"Bi Ezzat anasema litapona."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema sijui, mama. Lakini asubuhi nitaliangalia tena."

Tangu siku hiyo wakawa wanaliangalia wote wawili. Asubuhi, kabla ya chai, wanatoka na kandambili zao, wanainama, wanageuza majani moja moja. Heshmat akirudi na mikate alikuta samawari baridi. Alilalamika siku mbili. Ya tatu aliwasha mwenyewe.

Mashina yakapanda. Kwanza yakafika gotini, kisha kiunoni, kisha begani. Upepo wa mlimani ukavuma siku moja ukataka kuyalaza. Heshmat alichomeka fimbo nne, na Farangis akayafunga kwa vipande vya kitambaa laini, si kwa kukaza. Halafu, kando ya kila jani, pakatokea tumba. Matumba mviringo, ya kijani, yamefumba.

"Kumi na tisa kwenye hili," alisema Bibi.

"Ishirini na mbili kwenye hili," alisema Farangis.

"Kitendawili!" Bi Ezzat alikuwa ametoa kichwa juu ya ukuta.

"Tega!" wakajibu wote wawili.

"Ngazi yangu haipandwi na mtu. Kila siku taa inawaka ngazi moja juu."

Bibi Mahrokh hakungoja kuombwa mji. "Hatmi! Inachanua kuanzia chini kwenda juu. Hilo najua tangu utotoni, usinidharau."

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule Farangis kumsikia akicheka kwa sauti.

*

Ua la kwanza lilifunguka kiangazi kilipoanza. Farangis aliliona kwanza, lakini hakuita. Alirudi ndani, akamshika Bibi mkono, akamtoa nje bila kusema kitu.

Lilikuwa jekundu karibu na nyeusi. Jua lilipita ndani yake, na katikati likang'aa kama kaa la moto. Bibi aliligusa kwa ncha ya kidole, chini ya petali, kama mtu anavyoshika kidevu cha mtoto.

"Mama," alisema. Hakuwa akimwita Farangis. Alikuwa akimwita mama yake.

Farangis akaondoka polepole akawaachia nafasi.

Siku zilizofuata yalifunguka mengi. Walichuma yaliyokomaa asubuhi umande ukikauka, wakayatandaza juu ya kitambaa, kivulini, penye hewa. Maua ya chini ya kila shina hawakuyagusa, ili yatoe mbegu. Na Bi Ezzat akawaonya: "Chai ya hatmi inalainisha koo tu. Kikohozi kikizidi wiki mbili, au kikija na homa au damu, hapo si ua tena, hapo ni kliniki. Msije mkamnywesha mtu bustani nzima huku anahitaji daktari."

Kisha Kurbani akaja. Alisimamisha pikapu mlangoni, akapiga honi.

"Mama mdogo! Nimekuja. Mizigo iko wapi?"

Farangis alikuwa akiosha vyombo. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Ahadi ilikuwa maua yasipochanua. Yamechanua. Lakini Bibi hakuwahi kusema atafanya nini yakichanua, na Farangis hakuthubutu kuuliza.

Bibi Mahrokh alikuwa kwenye kona, amevaa miwani, akifungua ganda la mbegu lililokauka. Ndani mbegu zilikuwa zimepangwa kwa mviringo kama meno ya gurudumu.

"Mizigo gani?" alisema bila kugeuka. "Kurbani, usisimame juani. Ingia unywe chai. Halafu nisaidie kubeba ile samadi iliyorundikwa pale, mgongo wangu hauwezi."

Kurbani alikuna kichwa. "Kwa hiyo nimechoma petroli bure?"

"Hukuchoma bure. Utapewa mikate," alisema Heshmat kutoka barazani, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

*

Mwisho wa kiangazi mbegu zilikauka vizuri. Bibi alipiga magoti kando ya ukuta, upande wenye jua. Alichimba mfereji mdogo kwa kidole, wenye kina kisichozidi ukucha. Akadondosha mbegu moja moja, akiacha kati yao nafasi ya shibiri mbili, ili zisije zikahitaji kuhamishwa. Akazifunika kwa udongo mwembamba.

"Nyingine tutapanda Nairuzi," alisema. "Kila mwaka tupande kidogo. Hivyo kila kiangazi kutakuwa na zilizolala na zilizosimama."

Farangis alisimama nyuma yake, amejifuta mikono kwa aproni.

"Hizi ulizopanda leo zitachanua lini?"

"Kiangazi kijacho, baridi ikipita."

"Na zile za Nairuzi?"

"Mwaka utakaofuata huo."

Farangis akavuta pumzi. "Na wewe, mama, mwaka huo utakuwa wapi?"

Bibi Mahrokh alishika ukuta, akainuka, akapangusa magoti yake.

"Nitakuwa wapi tena? Hapa, kwangu," alisema. "Lete maji, mbona umesimama?"